Sikukuu na mbwa wa nyumbani: anza kwa kuongea na wageni

Kuanzia Krismasi mpaka Mwaka Mpya sisi madaktari wa mifugo simu hazikatiki, na ukisikiliza kisa kimoja kimoja unakuta mnyama mwenyewe hana kosa, ni watu wamejaa nyumbani, kila mtu ana sahani mkononi na kila mtu anamuonea huruma mbwa anayemkodolea macho. Shangazi karusha mfupa, mtoto kagawa keki, mjomba kishachangamka anammiminia bia kwenye kifuniko aone atafanyaje. Kila mmoja anajua katoa kidogo tu, ikifika saa nne usiku mbwa anatapika, tumbo limejaa, na mwenye nyumba anaapa kabisa kwamba hawajampa kitu.

Kwa hiyo kabla ya yote waambie wageni pale pale wanapoingia, bila aibu, kwamba mbwa na paka wa hapa keshakula. Mwache ale chakula chake cha siku zote mapema kabla wageni hawajafika, afu mfungie chumba cha nyuma au bandani penye kivuli na maji. Desemba huku Pwani joto lenyewe unalijua.

Najua kwenye mifupa watu watabisha, watasema mbwa wetu toka enzi na enzi wanakula mifupa. Sawa, ila mfupa uliopikwa, hasa wa kuku na zile mbavu za mbuzi choma, unakuwa mkavu, akiutafuna unapasuka vipande vyenye ncha kali ambavyo vinakwama kooni au vinatoboa utumbo, na hapo ni upasuaji. Pilau nayo ina vitunguu maji na vitunguu saumu, vyote viwili vinaharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka (paka ndo dhaifu zaidi), na kuvipika hakuondoi sumu. Ubaya wake dalili zinaweza kuchelewa siku kadhaa, unaona tu fizi zimekuwa nyeupe, mkojo wa kahawia, hataki kuinuka, na wewe ile pilau ulishaisahau. Zabibu kavu za kwenye biriani na keki zinaweza kuua figo za mbwa na hamna kiwango tunachoweza kukwambia hiki ni salama. Chokoleti kadiri ilivyo nyeusi ndivyo ilivyo mbaya. Mafuta na ngozi ya kuku vinaweza kuvimbisha kongosho. Bia sitaki hata kuijadili.

Akishakula kitu usimnyweshe maji ya chumvi wala mafuta ili atapike, na maziwa hayaondoi sumu, hiyo imani tuiache. Piga simu kwa daktari wa mifugo, mtajie kala nini, kiasi gani, saa ngapi. Na tafadhali usimpe dawa za watu, kuna mtu anaona paka kanyong'onyea anamkatia Panadol, sasa kidonge kimoja tu cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mzima.

Kuna jambo wengi hawaliwazi kabisa, kuchinja nyumbani. Mbuzi kashachunwa, mtu anaona kwenye ini au mapafu kuna malengelenge yana maji ndani, anasema hii haifai, anamrushia mbwa. Hapo ndo umekamilisha mzunguko wa mnyoo tegu mdogo sana unaokaa kwenye utumbo wa mbwa, mayai yake yanatoka na kinyesi, yananata kwenye manyoya, mtoto anamkumbatia mbwa kisha anakula bila kunawa, na yale malengelenge yanakuja kuota kwenye ini au mapafu ya mtoto polepole kwa miaka. Ugonjwa huu upo sana kwa wafugaji, Turkana kule Kenya na Umasaini kwetu wanaujua vizuri. Vipande hivyo vichome au vizike kwenye shimo refu ambalo mbwa hatalifukua, na daktari wa mifugo akupe dawa ya minyoo ya mbwa yenye prazikwanteli.

Usiku wa tarehe 31 fataki zikianza mbwa jasiri wa mtaa mzima anaweza kuruka ukuta ambao hajawahi kuuruka. Mtembeze jioni mapema, mwingize ndani kabla ya saa sita, funga madirisha, washa redio. Usimfunge mnyororo karibu na fensi, anaruka kwa woga anabaki ananing'inia upande wa pili, anajinyonga. Na geti apewe mtu mmoja wa kulifunga, maana siku hiyo kila anayetoka anaamini kuna mwingine nyuma yake atafunga.

Watoto wageni wasiachwe peke yao na mbwa, hata yule mpole, hasa akiwa anakula au ana watoto wake. Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa iangalie mapema, kinga inachukua wiki kadhaa kujijenga kwa hiyo kumchoma sindano tarehe 23 hakukusaidii kwa sikukuu hiyo. Mtu aking'atwa, hata mkwaruzo, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, zihesabu kweli, usipake mafuta ya taa wala pilipili, afu nendeni hospitali siku hiyo hiyo hata kama mbwa ana chanjo, kwa sababu dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu karibu kila mara ni kifo. Mbwa wenu msimuue kwa hasira, mfungieni aangaliwe na daktari wa mifugo siku 10, akiwa mzima mpaka hapo maana yake siku ile anang'ata mate yake hayakuwa na virusi, na akifa katikati msimzike, toeni taarifa ofisi ya mifugo wachukue sampuli.