Macho ya Juan Soto yalivyomfikisha ligi kuu akiwa na miaka 19

Vijana ninaowafundisha besiboli huniuliza mtu awe na nguvu kiasi gani ndipo afike ligi kuu ya Marekani. Mimi huwasimulia msimu wa 2018 wa Juan Soto, maana naamini kilichompandisha upesi vile ni macho kabla ya mikono.

Soto alizaliwa Santo Domingo, Jamhuri ya Dominika, Oktoba 1998. Timu ya Washington Nationals ilimsajili mwaka 2015 kwa dola milioni 1.5, akiwa na miaka 16. Lakini aliyesajiliwa bado ana ngazi ndefu ya ligi ndogo mbele yake: ligi za wanaoanza, kisha A yenye matabaka yake, halafu AA na AAA. Wengi huishia njiani. Mwaka 2016 yeye alikuwa mchezaji bora wa Gulf Coast League, ligi ya wanaoanza kule Florida. Mwaka uliofuata majeraha yalimwachia mechi 32 tu.

Msimu wa 2018 akaanzia Hagerstown, Maryland, akacheza mechi 16. Kwenye timu ya Potomac, jimboni Virginia, 15. Harrisburg, Pennsylvania, daraja la AA, nane. Ndani ya mechi hizo 39 alipiga homurani 14, yaani mipira inayovuka uzio wa uwanja, na Mei 20 akaitwa Washington bila kukanyaga AAA.

Bahati nayo ilikuwapo. Kijana aliyetarajiwa kupandishwa kwanza alikuwa Victor Robles, naye aliumia kiwiko Aprili. Wachezaji wenzao Adam Eaton na Brian Goodwin walikuwa majeruhi, kisha Mei 19 Howie Kendrick naye akakatika kano ya kisigino. Uwanja wa nje, yaani eneo la nyuma linalolindwa na wachezaji watatu, ukabaki na pengo, Soto akawekwa kushoto.

Ila pengo humfungulia mtu mlango tu. Kukaa ndani ni kazi yake. Mrushaji husimama mita 18 hivi kutoka kwa mpigaji, na mpira wa kasi hufika chini ya nusu sekunde. Katika muda huo mpigaji anaamua: apige au auache? Akiiacha mipira minne iliyopita nje ya eneo la straiki, yaani eneo halali la kurushia mbele yake, anapewa besi ya bure: anatembea hadi kituo cha kwanza bila kupiga. Akiuacha uliopita ndani ya eneo hilo, au akijaribu kupiga akakosa, ni straiki. Straiki tatu, ametoka. Kwenye ligi ndogo warushaji hukosea mara nyingi, kwa hiyo kijana mwenye nguvu anaweza kupata takwimu za kupendeza huku akikimbilia mipira mibaya. Akifika juu, anarushiwa mpira wa kupinda unaoonekana straiki hadi dakika ya mwisho, na udhaifu wake unajulikana ndani ya wiki chache. Ndiyo maana nikisoma takwimu za kijana yeyote naanza na besi za bure nikizilinganisha na straikauti, yaani mara alizotolewa kwa straiki tatu. Homurani nazisoma baadaye.

Soto aliiacha mipira hiyo. Tena akishauacha hujikokota kwa miguu, kachuchumaa nusu, macho yakimkazia mrushaji. Mtindo huo aliuanza hukohuko ligi ndogo ili kuwatisha warushaji, na mimi naupenda kwa sababu unaonyesha kwamba kwake kuacha mpira ni shambulio.

Mechi yake ya kwanza aliingia kama mpigaji wa akiba, akatolewa kwa straiki tatu. Kesho yake, Mei 21, alipewa nafasi ya kuanza dhidi ya San Diego Padres, na mpira wa kwanza aliorushiwa akaupiga homurani ya alama tatu. Alimaliza msimu na homurani 22 na besi za bure 79, na hizo besi 79 hakuna mchezaji mwingine wa chini ya miaka 20 aliyewahi kuzifikia katika ligi kuu. Hizo 79 ndizo ninazowaonyesha vijana wangu.

Oktoba 2019, katika mechi ya mtoano dhidi ya Milwaukee Brewers, Nationals walikuwa nyuma 3–1, ingizo la nane kati ya tisa, wawili wameshatoka, besi zote tatu zina wenzake. Mrushaji alikuwa Josh Hader, wa mkono wa kushoto, na kwa mpigaji wa kushoto kama Soto hakuna anayetisha zaidi. Soto aliusukuma mpira kulia, mlinzi akaukosa, wakaingia watatu: 4–3. Mwezi huohuo Nationals wakatwaa ubingwa mbele ya Houston Astros kwa mechi saba. Soto alipiga homurani tatu katika fainali hizo, na siku ya mechi ya tatu ndipo alipotimiza miaka 21.