Hatubani umeme

Juma lililopita mgeni mwingine wa makumbusho yetu aliniuliza, kwa upole wa mtu anayemshauri mwenye madeni, kwa nini tusilipe tu bili ya umeme. Jumba lote hili la fahari, akasema, paa la kioo, nguzo, ngazi za mawe, halafu wanyama wenu waliokaushwa mmewatia gizani kama wapangaji waliokosa kodi. Nikatabasamu. Tabasamu hilo nimelitumia mno, limeanza kuchakaa, kwa hiyo leo naandika.

Majumba mengi ya namna hii yalijengwa kabla taa ya umeme haijawa jambo la kawaida. Makumbusho ya Oxford yalifunguliwa 1860, ukumbi wa wanyama wa Paris 1889. Taa ilikuwa jua, basi wakaezeka kioo. Jua likaingia, likapausha kila kilichomo. Paris walifunga ukumbi wao 1965. Ulipofunguliwa tena 1994, jua la darini lilikuwa limezibwa na taa zimeshika zamu yake.

Sasa ngozi. Punda milia akikaa dirishani miaka mingi, milia yake myeusi huwa kahawia, kisha hukaribia rangi ya majani makavu. Hapo mjuaji huniambia: "Wekeni kioo cha kuchuja urujuanimno." Tumeweka! Urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ndiyo korofi zaidi, lakini mwanga unaoonekana nao hupausha, polepole tu. Tena madhara hujilimbikiza: laksi 500 (laksi ni kipimo cha mwanga) kwa saa moja ni kama laksi 50 kwa saa kumi. Kumfunika usiku kunasimamisha hesabu, hakuifuti. Ngozi hai huota manyoya mapya. Hii yangu haioti kitu.

Ndiyo maana mifupa ya nyangumi hupewa ukumbi mkubwa wenye jua, na vipepeo hupewa chumba cha nyuma. Si upendeleo, mfupa unavumilia. Hata mawe yana wanyonge wao: realga, jekundu la kuvutia, ukiliacha mwangani hugeuka unga wa manjano.

Niseme na la aibu. Hizo laksi 50, kikomo chetu cha mwanga kwa ngozi, tunazozitaja kama amri iliyoshuka mbinguni hazikutokana na uvumilivu wa ngozi. Zilitokana na jicho la binadamu, kwamba chini ya hapo rangi huanza kumpotea. Na ni jicho la kijana. Mzee anayeinama kusoma kibao kwa tochi ya simu analalamika kwa haki, nami sina jibu la kumridhisha. Kuhusu fleshi za kamera, siamini kwamba madhara yake yanalingana na ukali wetu. Mimi huzikataza hasa kwa sababu zinakera.

Ukitoka juani, simama kwanza mlangoni dakika tano, macho yazoee. Mgeni wangu hakusimama. Alimpita chui mzima akiwa bado anatafuta swichi.