Kipepeo mkubwa wa buluu aliuawa na nyasi ndefu

Kila Juni nikiwapeleka wageni kwenye miteremko ya Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza, swali la kwanza ni lile lile: "Mbona huwa mnaacha ng'ombe walishe hapa? Hawatamkanyaga kipepeo?"

Dhana: Kipepeo huyu mkubwa wa buluu (Phengaris arion) alindwe kwa uzio, nyasi ziachwe zikue.

Ukweli: Hivyo ndivyo alivyopotea. Jike hutaga kwenye maua machanga ya zaatari-mwitu, mmea mdogo wa kunukia. Kiwavi hula maua hayo wiki mbili tatu, kisha hujiangusha chini kungoja sisimizi mwekundu. Humpa tone tamu, hujikunja mithili ya buu la sisimizi, naye sisimizi humbeba hadi kiotani. Humo hukaa miezi kama 10 akila mabuu ya wenyeji wake, na zaidi ya asilimia 98 ya uzito wake huupata huko chini. Wala si kila sisimizi afaaye. Ni Myrmica sabuleti, na huyo anataka udongo unaopigwa jua. Nyasi zikirefuka sentimita chache tu, udongo hupoa, sisimizi wengine wanatwaa mahali pake. Zaatari bado ipo, mayai bado yanatagwa, lakini viwavi wanafia katika viota visivyowafaa.

Mwaka 1953 ugonjwa wa miksomatosi uliingia Uingereza ukafyeka sungura waliokuwa wakizila nyasi zikabaki fupi, na wafugaji nao walikuwa wakiiacha miteremko hii. Lawama zikawaangukia wakusanyaji wa vipepeo. Hifadhi moja ilizungushiwa uzio kuwazuia; mifugo nayo ikabaki nje, kipepeo akaisha. Mtafiti Jeremy Thomas alipobaini siri ya sisimizi miaka ya 1970, walikuwa wamebaki wachache mno, na mwaka 1979 spishi hii ikatoweka nchini. Naomba sana tusirudie uzio ule!

Dhana: Waliopo leo si halisi.

Ukweli: Vipepeo hawa walirudishwa kwa kuletwa wengine kutoka Sweden mwanzoni mwa miaka ya 1980. Spishi ni ile ile.

Dhana: Panda zaatari bustanini, atakuja.

Ukweli: Bila sisimizi wake, hapana. Mwenye shamba akiniuliza aanzie wapi, humwambia anunue rula kabla ya mbegu, apime nyasi. Mifugo ilishe tangu vuli hadi majira ya kuchipua, kisha iondolewe zaatari ichanue. Kipepeo mwenyewe huruka siku chache tu, Juni na Julai. Udongo wake unahitaji kutunzwa miezi yote iliyobaki.