Biopsi ya pafu kwa CT: dozi kubwa hutokana na mazoea

Biopsi ya pafu ni kuchukua kipande kidogo cha uvimbe kwa sindano, ikiongozwa na picha za CT, mashine ya eksirei inayoonyesha mwili kwa vipande vyembamba. Dozi ni kiasi cha mionzi ambacho mgonjwa hupata. Sindano yenyewe haina mionzi. Mionzi iko kwenye picha tunazopiga ili kuifuatilia, na nyingi kati ya hizo hupigwa kwa sababu ya dhana kama hizi.

"Picha isipokuwa safi, sindano itakosea njia"

Dhana hii ndiyo inayopoteza dozi kuliko zote. Picha ya uchunguzi hutafuta ugonjwa usiojulikana. Picha ya kuongoza sindano hujibu swali moja tu: ncha iko wapi? Uvimbe ni nyama iliyozungukwa na hewa, na sindano ni chuma, kwa hiyo vyote viwili huonekana hata picha ikiwa na chengachenga. Punguza miliampea (mkondo wa umeme unaozalisha eksirei) bila woga: ukizishusha nusu, dozi nayo hushuka nusu. Ukishusha volteji, yaani nguvu ya eksirei, kutoka kilovolti 120 hadi 100 bila kugusa miliampea, dozi hupungua kwa takribani theluthi moja.

Ila angalia mtego huu. Mashine ikiachiwa kurekebisha mkondo yenyewe, ukishusha volteji, mashine hupandisha miliampea ili kurudisha ubora ulioagizwa. Unadhani umepunguza, kumbe hujapunguza kitu. Weka miliampea kwa mkono, au legeza ubora unaoiagiza mashine. Uvimbe ulioshikana na mishipa mikubwa katikati ya kifua, au mgonjwa mwenye mwili mkubwa, hapo ongeza dozi. Kutoboa mshipa kwa bahati mbaya ni hatari kubwa zaidi.

"Kupiga kifua kizima kila mara ndiyo usalama"

Tupige hesabu. Kifua kizima, sentimita 35, kwa CTDIvol (dozi katika eneo linalopigwa) ya mGy 10, ni DLP (dozi hiyo mara urefu uliopigwa) ya 350. Zidisha kwa 0.014, kigezo cha kifua, unapata karibu mSv 5 (milisiverti, kipimo cha athari ya mionzi kwa mwili), yaani mara mbili ya mionzi ya asili ambayo binadamu hupata kwa mwaka kwa wastani wa dunia, mSv 2.4. Sasa chukua sentimita 5 tu zinazozunguka uvimbe, kwa mGy 2: DLP ni 10, sawa na mSv 0.14. Hata ukirudia mara kumi hufikii theluthi ya ile picha moja. Kwa hiyo panga njia ya sindano kwa kutumia CT ambayo mgonjwa tayari anayo. Baada ya kutoa sindano, picha moja fupi inatosha kuona kama hewa imevuja nje ya pafu, na ufuatiliaji wa saa zinazofuata ufanywe kwa eksirei.

"Tukipata mashine mpya tatizo litaisha"

Mashine mpya inasaidia, lakini kinachorudisha picha tena na tena ni pumzi. Uvimbe ulio chini ya pafu, karibu na kiwambo (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu), hupanda na kushuka. Mgonjwa akivuta pumzi kubwa kwenye picha ya kwanza na ndogo kwenye ya pili, uvimbe umehama na sindano inapita pembeni. Usimwambie "vuta pumzi kwa nguvu", maana hawezi kuirudia ileile. Mwambie: "Pumua kawaida, toa pumzi taratibu, sasa shikilia." Mfanyishe zoezi hili mara tatu kabla ya picha ya kwanza.

Mlaze vizuri pia, na mto mahali panapouma, asije akajigeuza katikati ya kazi. Mikono iwe juu ya kichwa pale anapoweza, na mwili uwe katikati ya pete ya mashine. Kisha tumia sindano ya kupitishia ya geji 19 na ya kukatia ya geji 20 ndani yake (geji ni kipimo cha unene: namba kubwa, sindano nyembamba). Ncha ikishathibitishwa, unachukua sampuli kadhaa kwa kutoboa utando wa pafu mara moja tu.

"Nimevaa aproni, naweza kusimama popote"

Mionzi inayomfikia daktari hutawanyika kutoka mwilini mwa mgonjwa. Ukitoka mita 1 hadi mita 2, inapungua hadi robo hivi. Picha za kawaida zipigwe wote mkiwa nje ya chumba. Kama ni CT ya papo kwa papo, inayoonyesha sindano ikisogea, kanyaga pedali kwa vipindi vifupi, na shika sindano kwa koleo ili vidole visiingie kwenye mionzi. Aproni ya risasi haifuniki macho: tangu 2011, ICRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi, inapendekeza kikomo cha mSv 20 kwa mwaka kwa lenzi ya jicho, wastani wa miaka 5. Vaa miwani ya risasi, na kipima mionzi kimoja kikae kwenye kola, nje ya aproni.

"Lazima iwe CT"

Uvimbe unaogusa ukuta wa kifua unaweza kufikiwa kwa ultrasaundi, bila mionzi hata kidogo. Na kwetu Afrika Mashariki, ambako kifua kikuu huweza kuonekana kwenye picha kama saratani, pima makohozi kwanza. Majibu yakieleza ugonjwa wote, huenda sindano isihitajike kabisa.

"Mgonjwa hutoka na mionzi mwilini"

Hapana. Mashine ikizima, mionzi imekwisha. Akirudi nyumbani anaweza kumpakata mtoto siku hiyohiyo. Anachopaswa kuangalia ni maumivu ya kifua, kukohoa damu nyingi au pumzi kubana, na akiona dalili hizo arudi hospitali mara moja.