Kitabu cha mwisho hakikuharibiwa, umekisoma mbio tu

Nafanya kazi maktaba, upande wa vitabu vya vijana, na juzi tena msomaji kanirudishia Allegiant ya Veronica Roth, kitabu cha tatu cha mfululizo wa Divergent, kakunja uso, ananiambia mwandishi aliishiwa akaona bora amuue Tris, mhusika mkuu, ili watu washtuke. Hiyo kauli nimeisikia mara nyingi mno, ndo maana naandika leo. Kama hujafika kitabu cha tatu ishia hapa hapa, maana huko chini sifichi kitu.

Dhana: Kifo cha Tris kilichomekwa ghafla ili kushtua watu

Hapana jamani. Kile kifo kinaandaliwa tangu kitabu cha kwanza, Divergent ya 2011. Mama yake anawavuta walinzi wamfuate yeye ili binti apate kukimbia, anapigwa risasi, na baba naye anakufa kabla kitabu hakijaisha. Jamii yao imegawanywa makundi, na Tris kalelewa Abnegation, kundi la watu ambao kujitoa kwa ajili ya mwenzio ndo maisha yao yote, akahamia Dauntless, kundi la majasiri, zile nguo za kijivu akazivua lakini malezi hayakumtoka.

Sasa njoo Insurgent, 2012, ambacho watu wanakipita kama daraja tu la kuwafikisha cha tatu, na hapo ndo wanapopotea. Tris kamuua rafiki yake Will aliyekuwa anaendeshwa na simulesheni, yaani akili imeshikwa na dawa, na hatia inamla mpaka kushika bunduki hawezi. Jeanine, kiongozi wa kundi adui la Erudite, anapotaka Divergent mmoja, yaani mtu asiyeingia kundi moja tu kama Tris, ajisalimishe la sivyo watu wataendelea kufa, Tris anajipeleka mwenyewe usiku. Ukisoma mbio utasema huo ni ushujaa. Mi nasema pale alikuwa kachoka kuishi, na anakuja kuligundua hilo akiwa ameshikiliwa anasubiri kuuawa, kwamba kumbe anataka kuishi. Shika hapo.

Kwenye Allegiant anayetakiwa kuingia chumba cha silaha kinacholindwa na dawa ya kifo ni Caleb, kaka yake, yule yule aliyemsaliti kwa Jeanine. Na Caleb anaenda kwa sababu ya hatia, yaani anarudia kosa la Tris la kitabu cha pili! Tris analiona, analitambua kwa sababu amelipitia, anachukua mzigo anaingia yeye. Safari hii anataka kuishi, ana Tobias mpenzi wake, ana kila sababu ya kubaki, na bado anaingia. Dawa ya kifo haimuui, inayommaliza ni risasi ya David, mkuu wa kambi yenye chumba hicho, na pamoja na hiyo risasi anafanikiwa kuiachia dawa ya kufuta kumbukumbu. Kwa hiyo mlango ni ule ule ila moyo anaoingia nao ni mwingine kabisa, na hiyo tofauti ndo stori nzima ya vitabu vitatu. Sasa mtu akiniambia ni sapraizi ya bei rahisi najua cha pili alikiruka au alikisoma huku anachati.

Na kuna alama nyingine iko wazi tangu kurasa za mwanzo. Vitabu viwili vya kwanza anasimulia Tris peke yake, cha tatu ghafla Tobias anaanza kupewa sura zake. Msimuliaji anayesema "mimi" kila ukurasa akifa katikati, nani atatufikisha mwisho? Mwandishi alishamweka mtu wa kupokea kijiti. Na ndo inayouma zaidi, sisi tunajua Tris kafa wakati Tobias anarudi kule kambini bado hajui.

Hapo hapo niseme, wanaolalamika kwamba sauti ya Tris na ya Tobias zinafanana mpaka unarudi juu kuangalia jina la sura, hao nawaunga mkono. Hilo ni kosa la uandishi kweli. Mwisho wenyewe siyo kosa.

Dhana: Nimeangalia muvi, mwisho naujua

Huujui. Muvi ya Allegiant ilitoka 2016 na Tris anabaki hai. Ilipangwa ya nne ya kumalizia, haikutengenezwa kabisa. Rudi kwenye kitabu.

Dhana: Mockingjay, kitabu cha tatu cha The Hunger Games, ndo ndefu kuliko zote, ndo maana waliikata muvi mbili

Vitabu vyote vitatu vya mwanzo vya The Hunger Games vya Suzanne Collins vina sura 27, sehemu tatu zenye sura tisa tisa. Kukata muvi mbili, 2014 na 2015, ulikuwa uamuzi wa watu wa filamu.

Dhana: Katniss wa Mockingjay alichanganyikiwa akampiga mshale Coin, kiongozi wa waasi, badala ya Rais Snow

Hakuchanganyikiwa hata kidogo. Snow kashamwambia mabomu yaliyomuua Prim, mdogo wake, yalitoka upande wa Coin, halafu Coin huyo huyo anapendekeza Michezo ya Njaa nyingine, yale mashindano ya watoto kuuana, safari hii kwa watoto wa Capitol, mji mkuu wa Snow. Katniss anapiga kura ya ndiyo ili asishtukiwe. Ndivyo ninavyoisoma mimi, na ukiirudia ile sura ya kura taratibu utaona anavyopima kila neno.

Dhana: Kilichotoka mwisho ndo mwisho wa stori

The Death Cure, kitabu cha tatu cha The Maze Runner cha James Dashner, ni ya 2011, lakini The Kill Order ya 2012 na The Fever Code ya 2016 zinasimulia ya nyuma. Ushauri wangu ni ule ule siku zote, soma kwa mpangilio wa kutoka, usianze na ya nyuma kwa sababu tu mambo yake yalitangulia, utajiharibia siri ambazo mwandishi alikufichia kwa makusudi.

Na kabla hujafungua cha mwisho, chochote kile, rudia sura ya kwanza ya kitabu cha kwanza, dakika kumi tu hazikuumizi. Kwa Divergent ni ile mama anamkata Tris nywele mbele ya kioo. Halafu nenda kaangalie ni nani anayemjia Tris pale anapokufa.