Mifuatano tofauti ya namba za oda: maana yake na jinsi ya kuitunza

Mfuatano wa namba za oda ni utaratibu wa hifadhidata kuipa kila oda mpya namba inayofuata ile iliyotangulia. Duka la vifaa vya ujenzi lenye tawi Kariakoo na jingine Mwanza mara nyingi hutaka kila tawi lihesabu kivyake: KRK-2025-0413 huku, MZA-2025-0097 kule, na mwaka ukiisha hesabu zote zianze tena moja. Hapo tayari una mifuatano miwili, na kila mmoja unahitaji kaunta yake, yaani kumbukumbu ya namba ya mwisho iliyotolewa.

Wengi hukimbilia kutafuta namba kubwa kuliko zote za tawi, wakaongeza moja. Usifanye hivyo. Makarani wawili wakibonyeza kwa pamoja, wote wataikuta 412 ndiyo ya mwisho, na wote wataandika 413. Saruji ya mteja mmoja itashushwa kwa mwingine.

Njia ya kuaminika ni jedwali dogo la kaunta, lenye mstari mmoja kwa kila tawi na mwaka: Kariakoo, 2025, 412. Oda ikiingia, programu huufunga mstari huo (kwenye programu za hifadhidata za PostgreSQL na MySQL ni kwa amri ya SELECT ... FOR UPDATE), huongeza moja, huandika oda, ndipo hukamilisha muamala, yaani hatua hizo zote kwa pamoja: zinafanikiwa zote au hakuna inayohifadhiwa. Karani wa pili wa Kariakoo atangoja kidogo. Wa Mwanza hangoji, kwa kuwa mstari wake ni mwingine. Kisha weka sharti la kutojirudia kwa tawi, mwaka na namba vikiwa pamoja, maana 413 itafika siku ikawepo pande zote mbili.

Namba zinazojiongeza zenyewe, kama AUTO_INCREMENT ya MySQL, ni za haraka ila hazirudi nyuma: muamala ukifeli baada ya kuchukua 413, oda inayofuata ni 414. Kwa kitambulisho cha ndani, namba inayotumiwa na mfumo wenyewe tu, hakuna ubaya wowote. Kwa ankara, mkaguzi wa hesabu ataiulizia 413. Ndiyo maana pia oda iliyoghairiwa haifutwi, hubadilishwa hali tu.

Basi kila oda iwe na vyote viwili: kitambulisho cha ndani, ambacho malipo na usafirishaji hukirejelea, na namba anayosomewa mteja kwenye simu. Tawi likibadilishwa kifupi chake kesho, rekodi za malipo haziguswi.