Udongo, saruji na maneno ya mtaani: dhana potofu kuhusu ujenzi Kisumu

Dhana: "Nyumba ya udongo ni ya mvua mbili tu."

Nyumba ipi? Tofali la kufungamana, yaani linaloshikana na lenzake kama fumbo, hutengenezwa kwa udongo uliochekechwa, saruji ya asilimia 5 hadi 10 na maji kidogo, kisha hushindiliwa kwa mashine. Halichomwi, kwa hivyo hakuna mti unaoingia tanurini. Likikaa juu ya msingi wa mawe, chini ya paa lenye ukingo mpana, mvua ya Kisumu hailisumbui. Linaloliua ni haraka ya fundi anayelianika juani siku ileile. Saruji hupata nguvu kwa kuungana na maji, haipati kwa kukauka. Lifunike kwa nailoni kivulini na ulinyunyizie maji angalau wiki nzima. Nguvu yake hupimwa siku ya 28.

Dhana: "Udongo wa shambani ni udongo tu."

Hapa ndipo watu hupoteza pesa. Ule udongo mweusi wa nyanda za Kano, hapa karibu na Kisumu, hufura masika na kupasuka kiangazi, na nyumba hupasuka nao. Kipimo ni rahisi: kisanduku cha mbao chenye urefu wa sm 60, upana sm 4 na kina sm 4. Kipake mafuta ndani, jaza udongo uliolowa, uache ukauke. Ukisinyaa kwa urefu zaidi ya sm 5 hivi, tafuta udongo kwingine, hata kama lori la kuuleta litakuuma.

Dhana: "Jengo la kijani (lisiloumiza mazingira) ni vioo na sola."

Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, kwa hivyo jua la asubuhi na la jioni hupiga kuta za mashariki na magharibi. Kioo kikubwa kinachotazama magharibi bila kivuli kitakufanya ununue kiyoyozi. Kuta fupi zielekee mashariki na magharibi, basi.

Dhana: "Saruji zaidi, jengo bora."

Saruji huchangia takriban asilimia 8 ya kaboni dioksidi inayotokana na shughuli za binadamu duniani, na zaidi ya nusu yake hutoka kwenye mawe ya chokaa ya kutengenezea saruji yanapochomwa, hata tanuri likitumia umeme safi. Ndiyo maana watafiti wanabadilisha sehemu ya saruji kwa jivu la makapi ya mpunga au la mabaki ya miwa, na huku kwetu, Ahero kwenye mpunga na Muhoroni kwenye miwa, hatukosi vyote viwili. Ila moto lazima udhibitiwe: ukizidi, silika ya makapi (madini yanayolipa jivu nguvu) hugeuka na kukataa kuungana na chokaa. Kwa hivyo jivu la jikoni, ambalo moto wake haukudhibitiwa, lisitiwe kwenye zege la nguzo.